Tisa kwa Watu Watatu

Ukijiandikisha kwenye ligi ya pool ya ridhaa nchini Marekani, unapewa namba kabla hujagusa fimbo. Mimi nilipewa tatu. Si namba ya jezi bali kiwango cha uchezaji. Katika ligi niliyoingia, viwango vya mchezo wa namba nane, ule ambao mpira mweusi huzamishwa mwisho, huanzia mbili na kuishia saba. Mwenye mbili bado anajifunza kushika fimbo. Mwenye saba ukimwachia meza mara moja, nenda kakae, huenda usiinuke tena mpaka mchezo uishe. Tatu hupewa mwanamke mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipiga mpira.

Nilikuwa nimekwenda New Haven, jimbo la Connecticut, kufundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mwaka mmoja wa masomo. Kufikia Novemba maisha yalikuwa yamebana. Huko mwezi huo saa hurudishwa nyuma na jua huzama saa kumi na nusu alasiri. Mtu aliyezoea kukaa barazani mpaka usiku anajikuta ndani, pazia limefungwa, hana wa kumwamkia. Njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita mbele ya baa yenye meza mbili za pool, na mlangoni walikuwa wamebandika karatasi: timu ya Jumanne inatafuta wachezaji, kiwango chochote. Mimi sinywi pombe, na kwetu Bagamoyo baa nilizijua kwa nje tu, ukiacha grosari ya mdogo wangu wa kiume. Yale maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonivuta ndani.

Nahodha alikuwa mzee Mmarekani mweusi, fundi bomba mstaafu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliniangalia, akaangalia mkoba wangu wa madaftari.

"Unacheza, binti yangu?"

"Kidogo."

"Jumanne jioni una shughuli?"

"Sina."

"Basi umepata timu."

Nilidhani ni ukarimu tu. Ulikuwa ukarimu, lakini ndani yake mlikuwa na hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Ligi yenyewe ni ya American Poolplayers Association, ambayo wachezaji huiita APA. Iliasisiwa mwaka 1979 na Terry Bell na Larry Hubbart, watu wawili waliokuwa wakila kwa fimbo zao, na makao yake makuu yako jimbo la Missouri. Wanachama wake ni zaidi ya laki mbili, wengi wao mafundi, wauguzi, madereva, makarani na wastaafu, watu ambao siku nzima wako kazini na usiku mmoja kwa wiki wako mezani. Timu huwa na watu wasiozidi wanane, na kila usiku wa ligi hucheza watano, mmoja mmoja, dhidi ya watano wa timu pinzani. Timu zinazofanya vizuri mitaani huvuka ngazi kwa ngazi, na za juu kabisa hukutana Las Vegas mwezi wa Agosti.

Sasa ile hesabu. Wachezaji wawili wakikutana, namba zao ndizo zinazoamua kila mmoja ashinde michezo mingapi. Mwenye saba akipangwa na mwenye mbili, yeye lazima ashinde saba, na mwenzake inamtosha miwili. Mwenye tatu akikutana na mwenye sita ni miwili kwa mitano. Halafu kuna sheria ya juu yake: namba za wachezaji watano wa timu usiku huo zikijumlishwa zisizidi 23. Ukiwa na wachezaji wawili wa saba umekwisha tumia 14. Zimebaki tisa, na bado unadaiwa watu watatu. Tisa kwa watu watatu ni tatu, tatu, tatu.

Maana yake ni kwamba timu ya mabingwa watupu haiwezi hata kuingia uwanjani. Bingwa anamhitaji anayeanza, tena anamhitaji apige vizuri, kwa hiyo atamfundisha. Kumfundisha si fadhila, ni haja yake mwenyewe. Nimefundisha darasani miaka mingi na sijawahi kuona mpango uliomfanya mwanafunzi bora amtafute mwanafunzi wa nyuma na kumwambia, njoo, bila wewe sisi hatuchezi.

Jumanne ya kwanza hawakunipanga. Walinipa kalamu na karatasi ya matokeo, wakanikalisha karibu na muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye kiwango cha tano, anionyeshe namna ya kuijaza. Karatasi hiyo naipenda mpaka leo. Kila timu huandika ya kwake, na mwisho wa usiku zinalinganishwa. Unachora kistari kila zamu ya wachezaji wote wawili inapokamilika. Mchezaji akipiga kwa kujihami, yaani hakukusudia kuzamisha bali kumfichia mwenzake mpira mweupe, unaweka alama yake kwenye safu nyingine. Alama hizi zina kazi. Kiwango cha mchezaji hukadiriwa kwa zamu anazotumia kushinda, na mtu akijifanya mbovu ili apewe namba ndogo, safu ya kujihami itamsema. Kwa hiyo mwandishi hawezi kusinzia. Lazima aisome nia ya anayepiga. Nilijifunza pool kwa kuandika kabla ya kupiga, na namshauri kila anayeanza afanye hivyo.

Nilipopangwa, mpinzani wangu alikuwa sita, kijana wa duka la vipuri vya magari, mpole, hakupoteza neno. Mnaanza kwa kupiga pamoja, kila mmoja mpira wake, uende ukagonge ukingo wa mbali na kurudi. Ambaye mpira wake umetulia karibu zaidi na ukingo wa huku ndiye anayevunja. Alivunja yeye. Mchezo wa kwanza akashinda, wa pili akashinda, nami nilikuwa nimesimama mezani mara chache mno. Katika mchezo wa tatu alizamisha mipira yake sita mfululizo, wa saba ukagoma kwenye pembe ya shimo. Zamu ikawa yangu. Nilikuwa na mipira mitatu yenye mistari, na mweusi.

Sheria inamruhusu mwenye kiwango cha tatu au chini yake kuomba ushauri mara mbili kwa kila mchezo, na wenye viwango vya juu mara moja. Kila ushauri ni dakika moja. Nahodha akaja. Harufu ya chaki na ya kahawa. Hakuniambia nijiamini wala nitulie, maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na kitambaa cha meza, akasema: "Ule wa kumi na moja unakuita, uache. Anza na wa kumi na tatu, taratibu, mweupe ufie hapa." Akaelekeza kidole mahali penye nafasi ya kiganja kimoja. "Kutoka hapa wa kumi na moja utaingia wenyewe, na wa tisa uko nyuma yake." Akarudi kukaa.

Nilipiga wa kumi na tatu. Mweupe ukafika karibu na pale alipoelekeza, si penyewe, ila ulitosha. Wa kumi na moja ukaingia, wa tisa ukaingia. Ukifika kwenye mweusi unatakiwa uweke alama kwenye shimo ulilolichagua ili pasiwe na ubishi, na sisi tulitumia kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Nilikiweka kwenye pembe ya kushoto, kwa mkono uliokuwa unatetemeka, nikarudi upande wa pili wa meza. Mpira mweusi ulikwenda polepole kuliko nilivyotaka, ukasita mdomoni mwa shimo, ukazama. Timu nzima iliinuka.

Baada ya hapo yule kijana alishinda mitatu iliyofuata, akatimiza mitano yake, nami nikabaki na mmoja. Nilishindwa. Lakini ligi hii ina utaratibu mwingine: aliyeshindwa akiwa amebakiza mchezo mmoja tu kufikia lengo lake, anaipatia timu alama moja, na mshindi anapata mbili. Mimi nilikuwa nimebakiza mmoja. Tulipojumlisha karatasi mwishoni tulikuwa tumeshinda saba kwa sita. Nahodha alizungushia duara ile alama yangu moja, akaupitisha ukurasa kwa kila mtu. Muuguzi aliniagizia soda ya tangawizi. Hata leo nikisikia mtu anasema kushindwa ni kushindwa, namkumbuka yule mzee na kalamu yake.

Kwetu mambo yamepangwa kinyume. Mdogo wangu ana grosari Bagamoyo, na meza ya pool iko nje chini ya turubai. Unatumbukiza sarafu, mipira inaporomoka kwa kishindo, mnacheza. Mshindi anabaki mezani, na anayemfuata ndiye anayetoa sarafu ya mchezo mpya. Utaratibu huu uko pwani nzima, uko bara, uko Nairobi na Kampala. Ni mwepesi na hauhitaji karatasi. Ila angalia unamfanyia nini kila mmoja: anayejua anacheza mchana kutwa kwa pesa za wenzake, na anayeanza analipa, anapiga mara mbili tatu, anarudi kukaa. Baada ya wiki anayeanza hatoki tena nyumbani. Ndiyo sababu mezani kwetu hukuti wanawake, hukuti wazee, unakuta vijana wale wale kumi. Kisha kiongozi wa wilaya anapita asubuhi, anawaona, anapiga marufuku pool saa za kazi, na wananchi wanampigia makofi. Sisemi kijana ashinde mezani tangu saa mbili asubuhi. Nasema mchezo hauna kosa, kosa liko katika namna tulivyoupanga.

Vipaji tunavyo. Kwa miaka kadhaa bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa ya pool, klabu zikitoka mikoani, na waliocheza pale walikuwa wachezaji hasa. Lakini yale yalikuwa mashindano ya waliokwisha kuiva. Mahali pa kuivia hatujapajenga.

Jumamosi moja yule muuguzi aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi hasa. Nikamwambia Bagamoyo. Alinyamaza kidogo, akasema yeye amekulia Deep River, kwenye bonde la mto Connecticut, na shuleni waliwahi kuambiwa kuhusu mji wa Afrika ambako pembe zilikuwa zikishushwa pwani. Akanichukua kwa gari lake. Ni kama kilomita 50 kutoka New Haven: unafuata barabara ya pwani kuelekea mashariki hadi Old Saybrook, kisha unapanda kaskazini kando ya mto. Pana kijiji kimoja huko, sehemu ya mji wa Essex, kinaitwa Ivoryton. Jina lake limetokana na pembe za ndovu, na pembe hizo zilitoka kwetu.

Katika karne ya 19 kampuni mbili za bonde hilo, Comstock, Cheney ya Ivoryton na Pratt, Read ya Deep River, zilichakata sehemu kubwa ya pembe zote zilizoingia Marekani. Nyingi zilipasuliwa vibao vyembamba vya kufunikia funguo za piano, vikaanikwa kwenye vibanda vya vioo mpaka jua living'arishe. Zilitengenezwa vitana pia, na mipira ya biliadi, mchezo uliozaa pool. George Cheney, ambaye jina lake liko kwenye kampuni ile, aliishi Unguja kwa miaka akinunua pembe kabla hajarudi Connecticut kuwa mwenye kiwanda. Hakuwa Mmarekani wa kwanza kufika. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, ulitiwa saini 1833, na 1837 balozi wao mdogo alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Walileta pamba, ile shuka ya merikani iliyovaliwa mpaka Unyanyembe, wakaondoka na pembe.

Mpira wa biliadi ulikuwa na masharti yake. Haukuchongwa kutoka pembe yoyote. Walitaka pembe ndogo, nyembamba, zilizonyooka, mara nyingi za ndovu jike, na kila mpira ulikatwa kwa namna ambayo mshipa unaopita kati ya pembe upite katikati kabisa ya mpira, la sivyo utayumba ukiviringika. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Na wachongaji walizipenda za Afrika Mashariki kwa kuwa ni laini, hazipasuki ovyo kama zile ngumu za magharibi. Ndovu waliuawa kwa maelfu ili watu wa New York na London wawe na kitu cha kugonga kwa fimbo baada ya chakula cha jioni.

Na pembe hazikutembea zenyewe. Zilibebwa. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita elfu moja, na njia nzima mzigo ulikuwa juu ya bega la mtu, Mnyamwezi mpagazi wa mshahara au mtumwa asiye na mshahara. Mzigo wa frasila mbili ni karibu kilo 32. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, naye pembe amezihesabu humo kwa frasila, ukurasa baada ya ukurasa. Kwetu husimuliwa kwamba babu wa babu yangu alifika pwani na mzigo kutoka Unyamwezi, akautua, akaoa, hakurudi. Nimekua nikipita mbele ya lile jengo la kituo cha misafara Bagamoyo nikienda shule, nikijua mizigo ilifikia hapo. Ilikokwenda baada ya hapo hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kiwanda cha Deep River ni jengo la matofali mekundu, refu, na leo watu wanaishi humo. Mapazia madirishani, baiskeli kwenye ngazi. Ivoryton umebaki ukumbi uliojengwa 1911 kwa ajili ya wafanyakazi wa Comstock, Cheney, na sasa ni jumba la maigizo. Muuguzi aliegesha gari mbele yake akaniuliza kama nimekasirika. Nilimjibu kweli: nimekasirika, na pia nimefurahi kuona. Nilikuwa nimeingia kwenye ligi yao nikijihesabu mgeni, nashukuru kwa kila zamu. Pale Ivoryton shukrani hiyo niliipunguza. Mipira ya zamani ya mchezo huu nchini mwao ilitoka kwenye mabega ya watu wangu. Kama kuna mtu ana haki ya kusimama kwenye meza hii bila kuomba radhi, mmoja wao ni mimi.

Yasemwa kwamba upungufu wa pembe ndio uliozaa plastiki. Mwaka 1863 kampuni ya biliadi ya Phelan & Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, mpiga chapa wa Albany, akahangaika mpaka akapata seluloidi, akaipatia hataza 1870. Mipira yake haikuwa mizuri sana kwa kuchezea, na wenye fedha waliendelea na pembe kwa miaka mingi. Utomvu mgumu wa viwandani wa karne ya 20 ndio uliomaliza kazi. Mipira tunayopiga leo imetokana na huo, kipenyo milimita 57, na iliyo bora hutengenezwa Ubelgiji.

Jambo la Ubelgiji alilipokea kwa kicheko mchezaji mmoja wa timu pinzani, siku tuliyokwenda kucheza kwenye baa yao. Nilikuwa nikiongea na simu, na mdogo wangu, nikasikia nyuma yangu: "Dada, uko mutu wa wapi?" Alikuwa Mkongomani wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupewa makazi New Haven. Anafanya kazi ghalani usiku, na Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko. Kiwango chake tano. Alinisalimia, akanipa kiti, akaita wenzake wote waje kumwona dada yake kutoka Tanzania. Nilipomsimulia habari za Ivoryton na pembe za Ujiji, alisema kwao pia wazee wanazungumza kuhusu pembe, na kwamba za Kongo zilikwenda Antwerp, Ubelgiji. Nikamwambia mipira ile iliyo mbele yetu inatoka wapi. "Wabelji tena!" akasema, akaichukua fimbo yake akaenda kuvunja.

Usiku ule nilipangwa na mtu mwingine, lakini tulipomaliza tulibaki tukicheza sisi wawili nje ya ligi, tukihesabu kwa Kiswahili, chake na changu. Wamarekani walizunguka meza kusikiliza. Wiki iliyofuata wawili wao walikuja kuniomba niwafundishe moja hadi kumi na tano, na tangu hapo timu yetu ikiomba dakika ya ushauri nahodha hutaja mipira kwa Kiswahili ili wapinzani wasielewe. Alichelewa sana kuishika kumi na nne.

Nahodha huyo alikuwa na picha moja ndani ya kasha la fimbo yake, imekatwa gazetini: Cisero Murphy wa Brooklyn. Murphy alikuwa mweusi, na kwa miaka alinyimwa nafasi kwenye mashindano makubwa kwa sababu hiyo tu, ingawa kila mcheza pool wa New York alijua uwezo wake. Mwaka 1965 hatimaye alialikwa kwenye mashindano ya dunia huko Burbank, California. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruhusiwa, na alishinda. Aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa mchezo huo 1995, mwaka mmoja kabla ya kufa. Nahodha hakunisimulia habari hii kama hotuba. Aliisema akifuta fimbo, siku ambayo mtu fulani kwenye baa ya ugenini aliniuliza, kwa sauti ya kuudhi, kama nimekuja kucheza au kuangalia. "Mwonyeshe mezani," akasema. Nilicheza, nikashinda miwili kwa mmoja.

Majira ya kuchipua yalipofika, karatasi ya wiki ilikuja na jina langu, na mbele yake nne. Timu ilishangilia, kisha ikanyamaza, maana kila mtu alifanya hesabu ile ile kwa wakati mmoja. Kikosi chetu cha kawaida kilikuwa sita, tano, tano, nne, tatu: 23 kamili. Tatu ikigeuka nne ni 24. Mmoja lazima akae. Nilisema nitakaa mimi. Muuguzi akasema atakaa yeye, ana zamu ya alfajiri hospitali. Nahodha, ambaye ndiye mwenye sita, alichukua kalamu akajifuta yeye, akamwandika kijana wa tano ambaye hakuwa akipangwa mara nyingi. Usiku huo alikaa kwenye kiti changu cha zamani akijaza karatasi ya matokeo, na nilipoomba dakika yangu ya ushauri, moja tu sasa, alikuja akiwa na kalamu sikioni.

Nimeongea na mdogo wangu. Yeye ana meza, na jirani zake watatu wana meza. Nimemweleza viwango, nimemweleza 23, nimemweleza kwamba kila timu itabidi iwe na angalau mtu wa kiwango cha nne au chini yake, na kwamba wanawake wataanza na namba tatu.

"Dada, mtu wa saba atakubali kushinda michezo sita wakati mwenzake anatakiwa miwili?"

"Asipokubali atacheza na nani?"

Alicheka, halafu akauliza maswali ya mtu mwenye biashara: nani atalipia sarafu, nani ataweka fomu, ikinyesha je. Tukakubaliana kila mchezaji achangie sawa, ashinde asishinde, fedha zikae kwa mtu mmoja asiyecheza. Siku ni Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi, ili mama mwenye watoto aweze kuja na kurudi kabla ya giza, na meza ya siku hiyo iwe ya soda tu. Hapo alisita, akafikiria mauzo yake, akakubali kwa Jumapili. Nimemtumia fomu yote kwa Kiswahili, safu ya zamu, safu ya kujihami na mahali pa saini za manahodha wawili. Amesema atatoa nakala hamsini stendi, na kwamba mke wake ameshachukua moja kuisoma.